Daktari Albert Cook na vidonda visivyopona

Mama au mlezi, je, mtoto wako ana kidonda kilichokaa wiki nyingi bila kupona? Soma maisha ya daktari huyu, kisha uone la kufanya.

Albert Cook alikuwa nani?
Alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1870. Alisomea udaktari, akaja Afrika Mashariki na msafara wa wamisionari uliotoka Mombasa kwenda bara. Mwaka 1897 alifika Mengo, Uganda, akaanzisha hospitali. Muuguzi Katharine Timpson, aliyekuwa katika msafara huo, akawa mke wake mwaka 1900. Radi ilipoiteketeza hospitali mwaka 1902, ilijengwa upya. Baadaye mume na mke walianzisha mafunzo ya wakunga, ili akina mama wajifungue salama. Alifariki Kampala mwaka 1951.

Kidonda alichokiona
Mwaka 1897 Cook aliandika katika kumbukumbu zake habari za wagonjwa wenye vidonda vikubwa visivyopona. Leo tunaamini baadhi yao walikuwa na kidonda cha Buruli, kilichopewa jina la eneo moja la Uganda. Mara nyingi huanza kama kivimbe kisichouma. Kwa kuwa hakiumi, familia husubiri, na huku sumu ya vijidudu inaua nyama chini ya ngozi. Cook hakuwa na antibayotiki. Sisi tunazo: matibabu huchukua wiki 8, na mtoto akiwahishwa anaweza kupona bila kilema.

Kwa nini vidonda vingine hukwama?
Mwili una vimeng'enya vinavyosafisha nyama iliyokufa. Kidonda kikikaa muda mrefu, vimeng'enya hivyo huweza kuzidi na kuanza kula hata nyama mpya. Huwezi kuviona kwa macho. Ndiyo maana watafiti wanatengeneza viraka vya jeli yenye maji mengi, vinavyobandikwa juu ya kidonda na kubadilika rangi au kung'aa vimeng'enya vikizidi. Vingi bado viko kwenye utafiti, kwa hiyo usivisubiri.

Ufanye nini nyumbani?
Ukiishi Ifakara au kijiji chochote cha bonde la Kilombero, unajua jeraha la mguu linavyoingia tope la mashamba ya mpunga.

- Lioshe kwa maji safi na sabuni, kisha ulifunike kwa kitambaa safi.
- Usiweke majivu, kinyesi cha ng'ombe wala unga wa vidonge.
- Kidonda kikipita wiki 2 bila kuanza kupona, au ukiona kivimbe kisichouma kinachokua, mpeleke mtoto zahanati.
- Akiwa na homa, au kidonda kikitoa harufu mbaya au wekundu ukisambaa, mpeleke siku hiyohiyo.

Andika tarehe kidonda kilipoanza, umwambie mhudumu. Kumbukumbu za Cook bado zinawasaidia madaktari. Na yako itamsaidia mwanao.