Imam Ghazali na Amana ya Ualimu

Ndugu msomaji, huenda umepata kulisikia jina la Imam Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, likitajwa katika darasa za masheikh. Wengi humjua kwa kitabu chake kikubwa, Ihyau Ulumid-Din. Leo tuyatazame maisha yake kama mwalimu, kwani humo mna funzo kwa kila aleaye mtoto wa mwenzake.

Alizaliwa mwaka 1058 katika mji wa Tus, nchi iitwayo Irani leo. Wasimulizi hueleza kwamba baba yake alipokaribia kufa alimwusia rafiki yake mchamungu awalee wanawe wawili. Fedha zilipokwisha, mlezi huyo fukara aliwashauri waingie madrasa, ambako wanafunzi walipewa chakula. Basi Ghazali aliingia katika elimu kwa kutafuta riziki, na baadaye hakuona haya kulikiri jambo hilo.

Mwaka 1091 waziri Nizamul-Mulk alimweka kuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nizamiya mjini Baghdad. Wanafunzi wapatao 300 walimsikiliza, na jina lake likaenea. Lakini moyo ulianza kumhoji: anafundisha kwa ajili ya nani? Alipojichunguza akaona kuwa kilichomsukuma ni cheo na sifa. Mwaka 1095, kwa karibu miezi sita, alivutwa huku na huku, hata ulimi wake ukafungwa. Alitaka kusomesha, neno lisitoke. Chakula hakikupita kooni, na matabibu wakakata tamaa. Ndipo alipogawa mali yake, akabakisha ya kuwatunza watoto wake, akaenda Damascus, Yerusalemu na Makka.

Katika miaka hiyo ya upweke aliandika juu ya wajibu wa mwalimu. Alifundisha kwamba mwalimu awahurumie wanafunzi kama wanawe. Asiwakataze makosa kwa kuwaaibisha, bali kwa ishara na upole. Wala asiidharau mbele yao elimu asiyoisomesha yeye. Juu ya watoto alieleza kwamba atendaye jema asifiwe mbele za watu, na kosa lake la kwanza lifumbiwe macho. Tena aruhusiwe kucheza baada ya masomo, kwani kumnyima mchezo huua moyo wake.

Alimfananisha pia mlezi na tabibu. Tabibu akiwapa wagonjwa wote dawa moja, atawaua wengi. Vivyo hivyo mlezi sharti atazame hali ya kila mmoja, umri wake na maumbile yake, kabla ya kumrekebisha.

Ndugu msomaji, mfano huu wanihusu. Nasomesha vijana wa mataifa mbalimbali. Yuko aliyefundishwa kwao kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na yuko aliyefundishwa kumtazama usoni asemaye naye. Nakiri kwamba nilipata kumdhania wa kwanza kuwa ana hila, na wa pili kuwa ni mjeuri. Kumbe wote wawili walikuwa wakinipa heshima, kila mmoja kwa desturi ya mama yake. Adabu ni moja, nguo zake ni nyingi. Mwalimu asiyelijua hilo huweza kuing'oa tabia njema akidhani anapalilia.

Mwaka 1106 Ghazali alirudi kusomesha, mara hii katika mji wa Nishapur. Kazi ilikuwa ile ile, nia ndiyo iliyogeuka. Mbali na vitabu vyake vya Kiarabu, aliandika pia Kimiyaye Saadat kwa Kiajemi, ili wasiojua Kiarabu nao wapate fungu lao. Mwishowe alirudi Tus, akafundisha katika madrasa ndogo karibu na nyumba yake, na huko akafariki mwaka 1111.

Basi wewe uliyekabidhiwa mtoto, jiulize swali lililomfunga ulimi Imam huyu, kabla ulimi wako haujafungwa. Mwenyezi Mungu atujalie nia safi na macho ya huruma. Amin.