Marekani: Red Grange, mkimbiza mpira ambaye mikataba yake ingali inazusha mabishano

Alifariki tarehe 28 mwezi wa kwanza 1991, akiwa na umri wa miaka 87, huko Lake Wales katika jimbo la Florida. Lakini kila mara wapenzi wa mpira wa Marekani wanapopanga orodha ya wachezaji bora wa nyakati zote, jina la Harold Grange, anayejulikana zaidi kama Red Grange, linaamsha mabishano yale yale. Wamoja wanasema hakuna mkimbiza mpira aliyemzidi. Wengine wanajibu kwamba aling'aa kwa miaka mitatu tu, kisha akakimbilia feza, akaachana na timu yake na kuumia goti kabla ya kuonyesha mengi. Ukifuata maisha yake hatua kwa hatua, unakuta kila upande una sehemu yake ya ukweli.

Mpira huo si ule tunaoucheza hapa kwetu. Wachezaji 11 wa kila upande wanagombania mpira wenye umbo la yai, na wanaubeba mikononi. Mkimbiza mpira ndiye anayepokea mpira na kupenya katikati ya wapinzani wanaotaka kumwangusha. Akiufikisha nyuma ya mstari wa mwisho, timu yake inapata alama 6. Hiyo inaitwa tachidauni.

Mtoto wa kapita, mbeba barafu

Grange alizaliwa tarehe 13 mwezi wa sita 1903 katika kijiji cha Forksville, jimbo la Pennsylvania. Baba yake alikuwa kapita wa wakata miti porini. Mama yake alifariki angali mtoto mdogo, na baba akaihamisha jamaa hadi Wheaton, mji mdogo karibu na Chicago, ambako walikuwa na ndugu. Baadaye baba huyo akawa mkubwa wa polisi ya mji. Mshahara haukuwa mkubwa.

Wakati wa likizo kijana alifanya kazi ya kubeba vipande vya barafu na kuvipeleka nyumba kwa nyumba, maana siku hizo watu wengi hawakuwa na friji. Kazi hiyo ilimjenga mabega na miguu, na watu wakamwita mbeba barafu wa Wheaton. Ilikaribia pia kumharibia maisha: siku moja lori la barafu lilimpita juu ya mguu, na nusura aupoteze. Hata alipokwisha kujulikana nchi nzima, wakati wa joto alirudi kubeba barafu. Hilo tunapaswa kulikumbuka tunapofika kwenye habari ya feza.

Dakika 12 zilizomtangaza

Aliingia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka wa 1922 na kuvaa namba 77 chini ya kocha Bob Zuppke. Mwaka uliofuata Illinois haikufungwa hata mechi moja.

Siku iliyomfanya nyota ni tarehe 18 mwezi wa kumi 1924. Illinois ilikuwa inafungua rasmi uwanja wake mpya mjini Champaign, na mgeni alikuwa Michigan, timu iliyokuwa imekaa muda mrefu bila kushindwa. Mpira wa kwanza kabisa wa mechi ulimwangukia Grange, naye akakimbia nao yadi 95, ni kusema karibu mita 87, mpaka mstari wa mwisho. Kisha akarudia mara tatu: yadi 67, yadi 56, yadi 44. Tachidauni nne katika dakika 12 za kwanza. Baadaye akaongeza ya tano, na ya sita akamrushia mwenzake mpira. Illinois ilishinda 39 kwa 14.

Mwaka wa 1925 kulikuwa bado na watu wa majimbo ya mashariki waliodai kwamba alizoea wapinzani wadhaifu. Tarehe 31 mwezi wa kumi mwaka huo, alikwenda Philadelphia kukutana na timu ya Pennsylvania kwenye uwanja uliojaa tope, akakimbia yadi 363. Gazeti la Time lilikuwa limeweka picha yake kwenye ukurasa wa mbele wiki chache kabla. Waandishi wa michezo walimpa jina la mzimu unaokimbia, kwa sababu wapinzani walimshika na kujikuta wameshika hewa.

Mkataba uliowakasirisha wengi

Ndipo akaja C.C. Pyle, mfanyabiashara aliyekuwa na majumba ya sinema. Alimwahidi Grange utajiri kama akikubali awe wakala wake. Kwa wakati ule jambo hilo lilikuwa geni kabisa: mchezaji wa mpira huo kuwa na mtu wa kumtetea kwenye meza ya mapatano.

Tarehe 21 mwezi wa kumi na moja 1925 Grange alicheza mechi yake ya mwisho ya chuo kikuu dhidi ya Ohio State. Papo hapo akatangaza kwamba anaacha masomo, na kesho yake akasaini na Chicago Bears, timu ya George Halas na Dutch Sternaman. Siku tano baada ya mechi ile ya chuo, alikuwa uwanjani na Bears.

Hasira zilitoka pande nyingi. Wakati ule mpira wa vyuo vikuu ndio uliheshimiwa, na mpira wa kulipwa ulionekana kama kazi ya wahuni. Zuppke alimsihi asiuze jina lake. Grange hakuelewa kwa nini kocha anayelipwa mshahara kwa kufundisha mpira aone vibaya mchezaji naye akilipwa kwa kuucheza. Wawili hao walikaa muda bila kusikilizana.

Mkataba wenyewe ulikuwa wa kushangaza. Wachezaji wengi wa ligi hawakufikisha dola 100 kwa mechi. Grange na Pyle walipata sehemu kubwa ya feza za mlangoni. Bears ilizungushwa nchi nzima, mechi 19 katika muda wa zaidi kidogo ya miezi miwili, na mwishoni Grange alikuwa amepata karibu dola 100,000. Mjini New York, tarehe 6 mwezi wa kumi na mbili, watu zaidi ya 60,000 walijaa uwanjani kumwona. Tim Mara, mwenye timu ya Giants, alikuwa anapoteza feza na alifikiria kuacha. Mapato ya siku hiyo yalimwokoa.

Lakini mwili haukufuata mahesabu ya wakala. Katika awamu ya kwanza Bears ilicheza mechi 8 kwa siku 12. Grange aliumia mkono, akazomewa mjini Boston, na mjini Detroit hakuweza kucheza, mashabiki wengi wakaomba kurudishiwa feza zao. Wanaomlaumu Pyle wanaanzia hapo, na hawakosi sababu.

Vita na wenye timu

Mwaka wa 1926 mapatano mapya yalikwama. Pyle alitaka theluthi moja ya timu yenyewe ya Bears iwe mali yao. Halas na mwenzake wakakataa. Pyle akakodi Yankee Stadium mjini New York na kuomba ligi ya NFL imruhusu kuweka timu huko. Mara, yule yule aliyeokolewa na Grange, alikataa kupata jirani wa kumnyang'anya mashabiki, na ligi ikamuunga mkono.

Jibu la Pyle lilikuwa kuunda ligi nyingine, na Grange akiwa nyota wa timu ya New York Yankees. Ligi hiyo ilianza na timu 9 na haikuvuka msimu mmoja. Lakini NFL pia iliumia: ilikuwa na timu 22 mwaka wa 1926, mwaka uliofuata zilibaki 12. Yankees ikapokelewa ndani ya NFL.

Tarehe 16 mwezi wa kumi 1927, mjini Chicago, Yankees ilikutana na Bears. Grange aligongana na George Trafton, mchezaji wa timu yake ya zamani, na goti likaharibika. Msimu wa 1928 hakucheza kabisa. Kuanzia siku ile, ule ujanja wa kugeuka ghafla na kuwaacha watu chini ulikuwa umekwisha, na yeye mwenyewe alilikubali jambo hilo bila kulificha. Mkataba wake na Pyle ulipomalizika, hakuurudia tena.

Mlinzi aliyesahauliwa

Watu wengi wanafunga hesabu hapo, na ndipo wanapokosea. Mwaka wa 1929 Halas alimpokea tena, na Grange akarudi Bears kama mchezaji kati ya wengine. Siku hizo mtu mmoja alishambulia na kulinda pia. Kwa kuwa hakuweza tena kukimbia kama zamani, alijifunza kuzuia, na akawa mmoja wa walinzi wazuri wa ligi. Mwaka wa 1931 alichaguliwa kwenye timu ya kwanza ya wachezaji bora wa NFL.

Katika mechi ya kuamua ubingwa wa 1932, iliyochezwa ndani ya jumba mjini Chicago kwa sababu ya baridi na theluji, ndiye aliyedaka mpira wa Bronko Nagurski na kufunga tachidauni pekee. Bears ilishinda 9 kwa 0. Mwaka wa 1933, fainali dhidi ya Giants ilifika dakika ya mwisho Bears ikiongoza 23 kwa 21. Mchezaji mmoja wa Giants aliponyoka na mpira, na mwenzake alikuwa kando akisubiri kupewa. Grange hakumkamata miguu kama kawaida. Alimkumbatia juu pamoja na mikono ili asiweze kutoa pasi. Ubingwa ukabaki Chicago. Aliacha kucheza baada ya msimu wa 1934, akawa kocha msaidizi, kisha mtangazaji wa radio na televisheni.

Hesabu ya leo

Wanaomshusha wanaonyesha takwimu zake za ligi, ambazo ni ndogo. Ni kweli, lakini NFL ilianza kuandika takwimu rasmi mwaka wa 1932, wakati goti lilikuwa limekwisha kuharibika. Miaka yake mizuri ya kulipwa haimo katika vitabu hivyo.

Juu ya feza, wanaomwita mlafi wanasahau mambo mawili. La kwanza, viwanja vilijaa kwa ajili yake, na feza zile zingeingia mfukoni mwa wenye timu peke yao kama asingekuwa na wakala. La pili, hapakuwa na chama cha kumtetea mchezaji. Kile cha NFL kiliundwa mwaka wa 1956. Goti lilipoumia, kilichombakia ni kile alichokuwa amekwisha kupata. Lakini wanaomtetea nao wakubali kwamba mikataba hiyo hiyo ilimchezesha akiwa mgonjwa, na ikampeleka katika timu na ligi ambazo hazikudumu.

Baada ya ugomvi wake, ligi ilikataza timu kusaini mwanafunzi kabla wenzake wa darasa hawajamaliza chuo kikuu. Leo bado mchezaji lazima angoje miaka 3 tangu wenzake wa shule ya sekondari wamalize. Mwaka wa 1963, NFL ilipofungua jumba lake la heshima, Grange alikuwa katika kundi la kwanza lililoingizwa, pamoja na Halas na Mara. Watu watatu waliogombana mezani juu ya mlango na hisa, sasa wamo chini ya paa moja. Na huko Illinois, hakuna mchezaji anayeruhusiwa kuvaa namba 77.