Benode Behari Mukherjee, Mchoraji Aliyefanya Kazi Gizani

Benode Behari Mukherjee alizaliwa tarehe 7 Februari, 1904, huko Behala, karibu na mji wa Calcutta, katika nchi ya Bengal, India. Alizaliwa na dhiki ya macho: jicho moja halikuona kabisa, na la pili lilikuwa dhaifu, haoni nalo vyema ila kilicho karibu. Kwa sababu hiyo masomo ya shule za kawaida yalimwia mazito.

Mwaka 1917 alipelekwa Santiniketan, penye shule aliyoianzisha Rabindranath Tagore, mshairi mkuu wa Bengal. Miaka miwili baadaye ikafunguliwa hapo shule ya sanaa iitwayo Kala Bhavana, naye akawa miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo. Mwalimu wake, Nandalal Bose, alitia shaka. Mtu asiyeona vizuri atawezaje kazi ambayo chombo chake ni jicho? Tagore akashauri kijana aachwe, maadamu ana bidii na moyo wake umeelekea huko. Shauri hilo likafuatwa, na mwaka 1925 yule aliyetiliwa shaka akawa mwalimu katika shule ile ile.

Kwa jicho lake moja alifanya kazi ambazo wenye macho mawili wengi hawakuziweza. Alikwenda Japani katika mwaka 1937 na 1938 kuwatazama mafundi wa huko wa brashi na wino. Mwaka 1940 alipamba dari ya bweni la wanafunzi kwa picha za maisha ya vijijini: miti, mifugo na watu katika shughuli zao. Kisha, katika mwaka 1946 na 1947, alichora juu ya kuta za nyumba iitwayo Hindi Bhavana picha kubwa ya watu wema wa India ya kale. Kazi hii ndiyo iliyomtangaza zaidi. Miongoni mwa aliowachora ni Kabir, mfumaji na mshairi, ambaye yasimuliwa kwamba alilelewa katika nyumba ya Waislamu. Na Surdas, mshairi ambaye yasimuliwa kwamba alikuwa kipofu. Hata yeye mwenyewe hakujua wakati ule kwamba njia ya Surdas ndiyo itakayokuwa njia yake.

Mwaka 1949 aliondoka Santiniketan akaenda Nepal, akawa msimamizi wa nyumba ya makumbusho mjini Kathmandu. Baadaye alirudi India, akafundisha Rajasthan, kisha yeye na mkewe wakaanzisha mahali pa kufundishia sanaa huko Mussoorie, penye milima. Alipokuwa amepita umri wa miaka 50, jicho lake lililobaki likaingia mtoto wa jicho. Alipasuliwa ili liokolewe, lakini matibabu hayakufaulu, na nuru yote ikaondoka.

Hapo ndipo penye mtihani. Seremala aliyekatika mkono au mwimbaji aliyepotewa na sauti huhesabiwa kuwa kazi yake imekwisha, na mchoraji asiyeona ni zaidi yao. Lakini Mukherjee hakuuhesabu upofu kuwa ni mwisho. Aliuchukua kuwa ni hali nyingine ya maisha, nayo ina mambo yake ya kujifunza kama ile ya kwanza.

Mwaka 1958 alirudi Kala Bhavana, akafundisha historia ya sanaa. Picha alizowaeleza wanafunzi wake hakuweza tena kuziona, lakini alikuwa amezihifadhi moyoni miaka mingi. Waislamu waliopata kuketi mbele ya hafidhi kipofu hawatalistaajabia jambo hilo.

Wala mikono yake haikulala. Alifinyanga sanamu ndogo ndogo kwa nta na udongo, kwa kuwa umbo la kitu hujulikana kwa vidole. Alikunja karatasi, na kila kunjo likawa mstari anaoweza kuupapasa. Alikata karatasi za rangi, akazipanga na kuzibandika zikawa watu na vitu, na wasaidizi wake wakawa macho yake katika kuchagua rangi. Aliendelea pia kuchora kwa kalamu, kwani mkono uliozoea njia yake kwa miaka 30 hauipotezi upesi.

Mwaka 1972 alikamilisha picha kubwa ya vigae katika ukuta wa nje wa Kala Bhavana. Aliitunga kwa njia ya karatasi zake za kukunja na kukata, na maumbo yale yakahamishwa katika vigae kwa msaada wa wengine. Hivyo mtu aliyekaa gizani miaka mingi aliwawekea wapita njia kitu cha kutazama mchana kweupe. Mwaka ule ule Satyajit Ray, mwanafunzi wake wa zamani aliyekuja kuwa mtengenezaji filamu mashuhuri, alitengeneza filamu fupi juu ya maisha ya mwalimu wake. Alipokuwa haoni alitunga pia vitabu kwa lugha ya Kibengali, kimojawapo kikiitwa Chitrakar, maana yake Mchoraji. Mwaka 1974 Serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Vibhushan, ya pili kwa ukubwa miongoni mwa nishani wanazopewa raia wa nchi ile.

Alifariki dunia tarehe 11 Novemba, 1980, akiwa na umri wa miaka 76. Binti yake, Mrinalini, naye alikuwa fundi mashuhuri wa sanamu mpaka alipofariki mwaka 2015.

Katika habari za mtu huyu mna mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba elimu iliyotiwa mkononi na moyoni tangu ujanani ni akiba, nayo hubaki siku kiungo kinapoondoka. La pili lawahusu jamaa na majirani. Kama Tagore asingalisema mtoto yule aachwe afanye kazi, na kama shule isingalimpokea tena alipokuwa kipofu, ukuta ule wa vigae usingalikuwapo. Katika kila mji wamo wazee na vipofu walioketi pembeni kwa kudhaniwa kwamba hawana tena la kutoa. Yafaa waulizwe kwanza.