Garrincha: Winga aliyesaini karatasi tupu

DESEMBA 19, 1973, zaidi ya watu 130,000 walijazana kwenye Uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro. Hakukuwa na kombe siku hiyo. Walikwenda kumuaga mtu wa miaka 40, mzito, magoti yamekwisha, na mapato ya mlangoni yalikuwa ya kumsaidia aweze kuishi. Pelé alicheza. Nyota wa nchi nyingine walikuja kuunda timu ya dunia ya kucheza na Brazil. Mwenyewe mwenye shughuli alisimama pale pale pembeni kulia, akajaribu chenga yake ya siku zote, na kabla ya mapumziko akatolewa. Akazunguka uwanja akipunga mkono huku watu wakilia.

Huyo ndiye Manuel Francisco dos Santos, maarufu Garrincha. Bingwa wa dunia mara mbili. Ilikuwaje mtu wa aina hiyo akafikia kuchangiwa?

Alizaliwa Oktoba 28, 1933 Pau Grande, kijiji cha kiwanda cha nguo nje kidogo ya Rio. Kila kitu pale kilikuwa cha kiwanda: nyumba, kazi, hata timu ya mpira. Dada yake ndiye aliyembandika jina la Garrincha, kandege kadogo ka porini, kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na alipenda kushinda msituni akiwinda ndege. Miguu yake ilikuwa kituko. Wa kulia ulipinda kuingia ndani, wa kushoto ukapinda kutoka nje na ulikuwa mfupi kwa sentimita sita. Ukimuona anatembea usingempa hata nafasi ya kuokota mipira.

Akiwa na miaka 14 aliajiriwa kiwandani. Kazi hakuiweza, maana alikuwa mtu wa kulala tu kwenye maboksi ya pamba. Kilichomlinda ni timu ya kiwanda, ambayo bila yeye ilikuwa haiendi. Alienda kujaribiwa Vasco da Gama bila viatu vya mpira, akarudishwa. Fluminense aliondoka kabla majaribio hayajaisha ili asikose treni ya mwisho ya kurudi kwao. Jamaa hakuwa na haraka ya kuwa staa.

Mwaka 1953 ndipo akapelekwa Botafogo. Kwenye majaribio alipangwa kumkabili Nílton Santos, beki wa kushoto wa timu ya taifa. Wakati huo hakukuwa na beki bora kuliko yeye nchini. Garrincha akampiga tobo. Nílton hakununa. Aliwafuata viongozi akawaambia wamsajili huyo kijana haraka, kwa maana hakutaka kukutana naye tena akiwa na jezi ya timu nyingine. Wakawa marafiki hadi kifo. Mechi yake ya kwanza ya ushindani, dhidi ya Bonsucesso, akafunga mabao matatu.

Chenga yake ilikuwa moja tu, na hapo ndipo penye maajabu. Anasimama na mpira, beki naye anasimama. Anainama kushoto kama anaondoka, beki anainama naye, mpira haujaguswa. Anarudia tena. Halafu anatoka kulia, siku zote kulia, na beki anayejua kabisa kwamba atatoka kulia anabaki amekaa chini. Ile miguu iliyopinda ilimfanya asisomeke. Mashabiki walikuwa wanacheka, wanacheka kweli kama wako kwenye vichekesho, na ndiyo maana Brazil walimpa jina la Furaha ya Watu.

Makocha hawakucheka sana. Mei 1958, wakielekea Kombe la Dunia Sweden, Brazil walicheza mechi ya kirafiki na Fiorentina nchini Italia. Garrincha akawalamba chenga mabeki, akamzunguka kipa, goli likabaki wazi. Badala ya kufunga akamsubiri beki mmoja arudi, akampiga chenga nyingine, ndipo akaingia na mpira golini. Benchi la ufundi lilichukia. Timu pia ilikuwa na mwanasaikolojia, na kwenye majaribio yake ya akili Garrincha alipata alama za chini kabisa. Mechi mbili za mwanzo, na Austria na England, akakaa nje.

Ya tatu ilikuwa dhidi ya Urusi ya Kisovieti, golini yupo Lev Yashin. Juni 15, 1958, Gothenburg. Akaanzishwa pamoja na kijana wa miaka 17, Pelé. Mpira ulipoanza tu akamkalisha beki, akapiga shuti likagonga mwamba. Muda mfupi baadaye Pelé naye akagonga mwamba. Dakika ya tatu Vavá akafunga. Zile dakika tatu bado zinahesabiwa na wengi kuwa mwanzo mkali kuliko wote katika historia ya mashindano hayo. Fainali, wenyeji Sweden walitangulia kufunga. Garrincha akapenya kulia mara mbili, akamwaga krosi mbili, Vavá akafunga zote mbili. Ikaisha 5-2.

Chile 1962 ndiko alikokuwa mkubwa kuliko wote. Pelé aliumia mechi ya pili na hakurudi tena. Timu nzima ikamgeukia mtu wa pembeni. Robo fainali dhidi ya England alifunga kwa kichwa, yeye mfupi wa watu, kisha akafunga kwa shuti la kuzungusha kutoka nje ya boksi, ikawa 3-1. Nusu fainali na wenyeji Chile akafunga tena mawili, moja kwa mguu wa kushoto, jingine kwa kichwa, Brazil ikashinda 4-2. Siku ile alipigwa mateke mpaka uvumilivu ukamwishia, akalipa, akatolewa nje. Kadi nyekundu zilikuwa bado hazijaanza kutumika, lakini kutolewa ni kutolewa, na wakati anatoka alirushiwa kitu jukwaani kikampasua kichwa. Fainali alitakiwa aikose. Mshika kibendera aliyeona tukio akaondoka Chile kabla ya kutoa ushahidi, na Garrincha akaruhusiwa kucheza. Alicheza akiwa na homa. Brazil 3, Czechoslovakia 1. Akatajwa mchezaji bora wa mashindano na mmoja wa wafungaji bora, mabao manne. Alikuwa na miaka 28.

Kuanzia hapo ni kuteremka tu, na kwa kweli mteremko ulianza zamani, tangu mezani kwenye mikataba. Garrincha alikuwa anasaini Botafogo bila kuangalia, mara nyingine sehemu ya mshahara ikiwa haijajazwa. Viongozi wakajaza walichotaka. Wenzake ambao hawakumfikia hata nusu walilipwa zaidi yake. Hata alizopata hakujua pa kuziweka. Nyumbani kwake noti zilikutwa chini ya magodoro ya watoto, nyingine zimeanza kuoza.

Na goti je? Lilikuwa linasagika kwa miaka, na mtu mwenye miguu kama ile hakuhitaji daktari mkubwa wa kumwambia. Alihitaji kupumzishwa. Lakini Botafogo waliishi kwa ziara za nje, na waandaaji walilipa fedha nzuri kwa sharti kwamba yeye awepo. Basi goti linavuta maji, maji yanatolewa, anachomwa sindano, anaingizwa uwanjani. Desemba 1962 alifunga mawili katika ushindi wa 3-0 dhidi ya Flamengo uliowapa ubingwa wa Rio. Ilikuwa mechi yake kubwa ya mwisho na jezi ile. Alifanyiwa upasuaji 1964, ameshachelewa. Mwaka 1966 akauzwa Corinthians.

Bado wakamchukua kwenye Kombe la Dunia la 1966. Kwa Bulgaria alifunga kwa mpira wa adhabu, Pelé naye akafunga. Hiyo ndiyo mechi ya mwisho ya wawili hao pamoja, na wakiwa wote uwanjani Brazil haikuwahi kufungwa hata siku moja. Iliyofuata, bila Pelé, Hungary wakashinda 3-1. Mechi 50 za timu ya taifa, na hicho ndicho kipigo chake pekee. Hakuitwa tena.

Nje ya uwanja si yote ya kulaumu viongozi. Pombe ilikuwa yake. Aliacha mke na mabinti wanane Pau Grande akaenda kuishi na mwimbaji Elza Soares, na nchi nzima ikamtukana Elza badala ya kumuuliza yeye. Aprili 1969 aliendesha gari likagongana na lori, mama yake Elza akafariki. Elza ndiye aliyekuwa analisha nyumba kwa kuimba, akavumilia hadi vipigo, na 1977 akaondoka. Kwenye kanivali ya 1980 watu wa Rio walimwona Garrincha juu ya gari la maonyesho la Mangueira, amekaa, macho hayaoni kitu, ametoka hospitali. Wengi waliokuwa wanashangilia walinyamaza.

Alifariki Januari 20, 1983, ini limeharibika, akiwa na miaka 49. Mwili ulilazwa Maracanã, kisha gari la zimamoto likaupeleka Pau Grande huku watu wakijipanga barabarani njia nzima. Alizikwa kwenye makaburi ya Raiz da Serra, jirani na kwao.

Jijini Brasília kuna uwanja wenye jina lake, Mané Garrincha, uliojengwa upya kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2014, unaoingiza watu wapatao 70,000. Mwaka 2017, wasimamizi wa makaburi ya Raiz da Serra walikiri kuwa hawana uhakika mabaki yake yako wapi.