Jon Postel: Mlinzi wa majina ya intaneti aliyetaka mlango upanuliwe

KILA anayefungua tovuti ya Kenya huziona herufi mbili baada ya nukta ya mwisho ya anwani: ke. Herufi hizo ziliingizwa katika daftari la majina ya intaneti mwaka 1993. Wakati huo daftari lilikuwa mikononi mwa Mmarekani mmoja mwenye ndevu ndefu na makubadhi miguuni, ambaye hakuwahi kupigiwa kura wala kuapishwa. Jina lake lilikuwa Jon Postel.

Jonathan Bruce Postel alizaliwa Agosti 6, 1943, katika mji wa Altadena, jimbo la California. Alisoma katika shule ya upili ya Van Nuys, shule ile ile iliyowalea Vinton Cerf na Steve Crocker, ambao baadaye walihesabiwa pamoja naye miongoni mwa waasisi wa intaneti. Katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alipata shahada ya kwanza ya uhandisi mwaka 1966, ya uzamili mwaka 1968, na ya uzamifu katika sayansi ya tarakilishi mwaka 1974.

Mwaka 1969 chuo hicho kilikuwa cha kwanza kuunganishwa na ARPANET, mtandao uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani na ambao ndio mzazi wa intaneti. Wanafunzi waliokuwa wakibuni kanuni zake walihitaji mtu wa kuzikusanya, kuzisahihisha na kuzihifadhi nyaraka zao. Postel aliipokea kazi hiyo na kuishikilia kwa karibu miaka 30. Wanaofanya kazi ya uhariri wanajua kwamba ni nadra kupigiwa makofi, lakini bila hiyo maneno ya wengi hubaki makelele.

Aidha, alijitwika jukumu la kuorodhesha nambari zilizotumiwa na mitambo ya mtandao, ili mbili zisigongane. Orodha hiyo iliyoanzia katika daftari la mtu mmoja ilikua hadi ikaitwa Mamlaka ya Ugawaji wa Nambari za Intaneti, kwa kifupi IANA. Jina lilikuwa kubwa, lakini ofisi ilikuwa ndogo. Tangu mwaka 1977 aliiendesha kutoka taasisi ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Southern California, mjini Marina del Rey, akiwa na wasaidizi wachache tu.

Tarakilishi hutambuana kwa nambari, ilhali binadamu hukumbuka majina. Mwanzoni majina yote ya mtandao yaliwekwa katika faili moja ambayo kila mtambo ulipaswa kuinakili. Faili ilipovimba kupita kiasi, Postel alimkabidhi mwenzake, Paul Mockapetris, kazi ya kutafuta dawa. Mwaka 1983 Mockapetris alitangaza mfumo ulio mfano wa mti: mzizi mmoja, matawi makubwa, kisha vitawi.

Mwezi Oktoba 1984, Postel na Joyce Reynolds walichapisha orodha ya matawi hayo makubwa, yaani vikoa vya juu. Vikoa vya com, edu, gov, mil na org vimo humo, na net ikafuata mwaka 1985. Kila nchi nayo ilitengewa herufi mbili, zilizochukuliwa kutoka orodha ya kimataifa iliyokuwapo tayari. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwani ulimwepusha Postel na mzigo wa kuamua nchi ni ipi na isiyo nchi ni ipi.

Mwaka 1994 aliandika waraka ulioweka msingi wa vikoa vya nchi. Alieleza kwamba anayekabidhiwa kikoa si mmiliki bali ni mdhamini, na kwamba ana wajibu kwa wananchi wa nchi yake na kwa watumiaji wote wa intaneti. Kwake, kulumbana kuhusu haki na umiliki kulikuwa ni kupotoka. Cha kuuliza kilikuwa utumishi.

Lakini biashara ilikuwa ikibisha hodi. Kampuni ya Network Solutions ilikuwa na mkataba wa serikali ya Marekani wa kuandikisha majina ya com, net na org. Mnamo Septemba 1995 iliruhusiwa kutoza dola 100 kwa jina moja kwa miaka miwili ya kwanza. Manung'uniko yakazuka kote. Duka lilikuwa moja, na wanunuzi walikuwa wakiongezeka kila siku.

Jibu la Postel lilikuwa kupanua mlango. Mwaka 1996 alipendekeza vianzishwe vikoa vipya hata kufikia 150, vigawiwe wasajili wapya 50, kila mmoja vitatu. Aliamini kwamba ushindani ungeshusha bei. Wenye alama maarufu za biashara walipinga, wakihofu kulazimika kununua majina yao upya katika kila kikoa. Wengine waliuliza swali zito zaidi: Postel alipewa na nani mamlaka hayo?

Kamati iliyoundwa mwishoni mwa mwaka huo iliyapunguza mapendekezo hayo hadi vikoa saba, na mkataba ukatiwa saini Geneva mnamo Mei 1997. Hata hivyo, serikali ya Marekani haikuuridhia.

Ndipo kikaja kisa cha Januari 28, 1998. Postel aliwaandikia barua-pepe wasimamizi wa seva za mzizi wasiokuwa chini ya serikali, akiwataka wachukue orodha kuu kutoka kwa tarakilishi yake badala ya ile ya Network Solutions. Seva nane zilimtii. Kwa siku kadhaa mzizi wa intaneti ulikuwa na mabwana wawili, ingawa orodha zao zilifanana na watumiaji hawakuhisi lolote. Mshauri wa Ikulu ya Marekani, Ira Magaziner, alimwamuru arejeshe mambo yalivyokuwa. Mwenye nguvu mpishe. Postel alirejesha, akisema lilikuwa jaribio tu.

Wapo wanaomwona shujaa katika kisa hicho, na wapo wanaomwona mtu aliyevuka mpaka. Ukweli ni kwamba tukio hilo lilifichua mambo mawili. Kwanza, intaneti ilisimama juu ya imani waliyokuwa nayo watu kwa mtu mmoja. Pili, imani ya namna hiyo, hata mtu awe mwadilifu vipi, haiwezi kuwa katiba ya dunia nzima.

Postel mwenyewe alilielewa hilo. Miezi iliyofuata aliitumia kusaidia kuunda shirika la kurithi kazi yake, ICANN, lililosajiliwa Septemba 30, 1998. Hakuishi kuliona likitambaa. Alifariki Los Angeles mnamo Oktoba 16, 1998, kutokana na matatizo ya moyo, akiwa na umri wa miaka 55.

Mlango aliotaka kuupanua ulifunguka polepole. Mnamo Novemba 2000 ICANN iliidhinisha vikoa saba, vikiwemo biz, info na museum. Mwaka 2012 ilipokea maombi 1,930, kila moja likigharimu dola 185,000. Bara letu lilipata kikoa cha africa mwaka 2017, baada ya mvutano mrefu uliofika hadi mahakama za Marekani. Mwaka 2016 serikali ya Marekani nayo iliachia usimamizi wake wa kazi za IANA.

Mtu aliyesumbuliwa na ada ya dola 100 huenda angeshangaa kusikia ada hiyo mpya. Hata hivyo, tuzo ya utumishi inayoitwa kwa jina lake, ambayo Nii Quaynor wa Ghana aliipokea mwaka 2007, ingali inakumbusha swali alilolipa uzito: jina lina mdhamini gani, na anamtumikia nani? Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Aliyewagawia wengine majina aliacha lake liking'ara.