Insull na Saa za Umeme

Muhula uliopita, wiki ya mitihani, bloku yetu ililala giza siku tatu. Saa moja jioni kila chumba kilichomeka heita, pasi na jiko, waya mkuu ukaungua. Na waya huohuo, saa tisa usiku, ulikuwa karibu haubebi kitu. Kutafuta sababu kukanifikisha kwa Samuel Insull.

Alizaliwa London mwaka 1859. Mwaka 1881 alivuka bahari kwenda Marekani kuwa katibu wa Thomas Edison, na mwaka 1892 akahamia Chicago kuongoza kampuni ya umeme, wakati huo bado ndogo. Alichokikuta ni tatizo letu hili hili: mitambo ya gharama kubwa imenunuliwa kwa ajili ya saa chache za jioni, watu wanapowasha taa. Saa nyingine imekaa tu.

Mwaka 1894, akiwa ziarani Uingereza, aliona mjini Brighton mita iliyopima umeme uliotumika pamoja na kiwango cha juu kabisa ambacho mteja alivuta kwa mpigo. Akaipeleka Chicago. Mteja aliyetumia umeme kwa saa nyingi bila kuvuta mwingi kwa mkupuo akalipa nafuu kwa kila yuniti. Insull akawafuata wenye viwanda na tramu, ili mitambo ifanye kazi mchana pia. Kampuni za umeme za Marekani enzi hizo zilipenda hata magari ya betri, maana yalichajiwa usiku.

Mwisho wake haukuwa mzuri. Alijenga himaya juu ya madeni, ikaanguka mwaka 1932, na watu wengi wa kawaida wakapoteza akiba zao. Alishtakiwa, akaachiwa huru 1934, akafia Paris 1938 kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi.

Kwa hilo simtetei. Lakini boda za umeme zinaongezeka mitaani. Dereva akirudi jioni na kuchomeka saa ileile watu wanapika na kuwasha TV, transfoma ya mtaa ndiyo inaumia kwanza. Akisubiri usiku wa manane, transfoma ileile inamtosha. Kenya mwaka 2023 iliweka bei maalumu ya kuchaji, nafuu zaidi saa ambazo matumizi yako chini.

Basi serikali yetu ya wanafunzi, kabla hatujadai waya mnene zaidi, tupangieni kwanza zamu za heita.