Lord Kelvin: Aliyeitia bahari katika hesabu, akakwama kwenye umri wa dunia

BAHARI inayoizunguka Makangale, kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Pemba, hujaa na kupwa takriban mara mbili kwa siku. Wavuvi wa huko, kama walivyo wenzao wa mwambao wote, wanajua bila kusoma kitabu kwamba mwezi ukiandama au ukipevuka huja bamvua, na katikati yake huja maji mafu.

Nahodha anayetoka mbali na kuikaribia Ras Kigomasha hana ujuzi huo wa mwenyeji. Yeye anataka kujua maji yatakuwa na kimo gani, saa ngapi, katika tarehe ambayo bado haijafika. Katika maji ya Zanzibar, ambako tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua kubwa huweza kukaribia mita 4, jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama chombo kitaelea au kitakaa juu ya mwamba.

Mmoja wa watu waliofanya zaidi kulipatia swali hilo jibu la hesabu ni William Thomson, ambaye wengi wanamfahamu kwa jina la Lord Kelvin, lile linalotumika katika kipimo cha joto cha wanasayansi. Amekwisha kufariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, lakini jedwali la maji linalobandikwa bandarini hadi leo linafuata njia aliyoiasisi.

Thomson alizaliwa Belfast, Ireland, tarehe 26 Juni 1824. Mama yake alifariki akiwa bado mtoto mdogo, na baba yake, mwalimu wa hisabati, ndiye aliyemsomesha. Familia ilipohamia Glasgow, ambako baba huyo alipata kazi ya uprofesa, kijana William aliandikishwa katika chuo kikuu cha huko akiwa na umri wa miaka 10.

Mwaka 1840 alikisoma kitabu cha Mfaransa Joseph Fourier kuhusu namna joto linavyosafiri ndani ya vitu. Kitabu hicho kilimpa silaha mbili alizozitumia maisha yake yote. Ya kwanza ni mlinganyo unaoeleza jinsi kitu cha moto kinavyopoa. Ya pili ni ugunduzi kwamba mchoro wenye kupanda na kushuka kwa vurugu unaweza kuvunjwa ukawa jumla ya mawimbi mengi yaliyo rahisi.

Baada ya masomo ya Cambridge, mwaka 1846 aliteuliwa kuwa profesa wa fizikia huko Glasgow akiwa na umri wa miaka 22 tu. Alikishikilia kiti hicho kwa miaka 53. Mwaka 1848 alipendekeza kipimo cha joto kinachoanzia kwenye baridi ya mwisho kabisa. Mwaka 1866 alipewa hadhi ya ushujaa kwa mchango wake katika kutandaza waya wa simu chini ya bahari ya Atlantiki.

Kazi ya maji kujaa na kupwa aliianza rasmi mwaka 1867, pale Chama cha Uingereza cha Kuendeleza Sayansi kilipounda kamati ya kuchambua vipimo vya bahari kwa msukumo wake. Wakati huo bandari kadhaa zilikuwa na vyombo vilivyochora kimo cha maji usiku na mchana. Vipimo vilikuwepo tele. Kilichokosekana ni fomula ya kuvielewa.

Ugumu wake ulikuwa huu. Kimo cha bahari hakipandi kwa mstari ulionyooka, bali ni mchanganyiko wa mawimbi. Wimbi kuu la mwezi hurudi kila baada ya saa 12 na dakika 25, na lile la jua kila baada ya saa 12 kamili. Mawimbi hayo mawili yanapokutana vilele vyake, huwa ni bamvua. Yanapopishana, huwa ni maji mafu. Nyuma yake yapo mawimbi mengine madogo, kwa sababu mwezi husogea karibu na dunia na kisha kuwa mbali, na njia yake imeinama.

Mtu anayejaribu kukisia yote hayo kwa mpigo mmoja, yaani muda, kimo na ucheleweshaji wa kila wimbi, hupotea njiani. Busara ya Thomson ilikuwa kuanza na lile linalojulikana. Mienendo ya mwezi na jua ilikwisha kupimwa na wanafalaki, hivyo muda wa kila wimbi hauhitaji kukisiwa. Kwa kila bandari hubaki kutafuta namba mbili tu kwa kila wimbi: kimo chake na kiasi linachochelewa, mpaka mchoro wa fomula ulingane na mchoro wa vipimo.

Namba hizo zikishapatikana, kilichobaki ni kujumlisha, kazi iliyokuwa ya kuchosha mno kwa mkono. Kati ya 1872 na 1873 Thomson alisimamia utengenezaji wa mashine ya magurudumu na kapi, yenye kujumlisha mawimbi 10 kwa uzi mmoja uliovuta kalamu. Mashine hiyo iliweza kuchora maji ya mwaka mzima ya bandari moja kwa muda wa saa nne hivi. Mwaka 1879 nyingine ilitengenezwa kwa ajili ya bandari za India, na mashine za aina hiyo ndizo zilizotumika kukokotoa saa ya majeshi kushuka pwani ya Normandy tarehe 6 Juni 1944.

Hata hivyo, mtu huyo huyo, kwa kitabu kile kile cha Fourier, aliingia katika kosa ambalo historia ya sayansi haijalisahau.

Mwaka 1862 Thomson aliamua kuupima umri wa dunia. Wachimba migodi walikuwa wamepima kwamba joto huongezeka kadiri mtu anavyoshuka ardhini, wastani wa nyuzi moja ya Selsiasi kwa kila mita 27 hivi. Yeye akachukulia kwamba dunia ilianza ikiwa mwamba ulioyeyuka wenye joto la nyuzi zipatazo 3,900, kisha ikawa inapoa polepole kama jiwe lililotolewa motoni. Akautafuta muda unaoufanya mlinganyo wa kupoa ulingane na vipimo vya migodini. Jibu likawa miaka milioni 98, na kwa kuachia nafasi ya shaka, kati ya milioni 20 na milioni 400.

Mlinganyo huo una tabia inayopaswa kuogopwa. Umri hubadilika kwa mraba: ongezeko la joto likipungua kwa nusu, umri haurudufiki mara mbili bali mara nne. Kosa dogo la mwanzo huzaa kosa kubwa mwishoni. Badala ya kupanua shaka, Thomson aliibana mwaka hadi mwaka, na kufikia 1897 alikuwa akitaja miaka kati ya milioni 20 na 40.

Athari yake haikuwa ndogo. Wanajiolojia waliosoma umri katika matabaka ya miamba walibanwa, na Charles Darwin, aliyehitaji muda mrefu kwa nadharia yake, alisumbuliwa sana na hesabu hiyo. Mwaka 1895 John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wa Thomson, alionyesha kwamba kama joto la ndani ya dunia husafiri kwa wepesi kuliko lile la gamba la juu, umri unaweza kufika mabilioni ya miaka bila kipimo hata kimoja cha migodini kubadilika. Thomson hakushawishika. Mwaka 1896 iligunduliwa mionzi ya urani, na baadaye ikabainika kwamba madini ya aina hiyo huzalisha joto ndani ya miamba.

Leo umri wa dunia unahesabiwa kuwa takriban miaka bilioni 4.54. Wanasayansi wengi wanaona kwamba hoja ya Perry ndiyo iliyogusa kasoro kubwa zaidi, kwa kuwa mwamba ulio chini ya gamba la dunia huzunguka polepole na kubeba joto kuja juu.

Tofauti ya kazi hizo mbili haikuwa katika ufundi wa hesabu, kwani zote zililingana na vipimo vyake. Jedwali la maji lilikuwa na hakimu asiyelala: kila siku bahari ilijaa na kupwa, na utabiri ulionekana kama ni wa kweli au si wa kweli. Umri wa dunia haukuwa na hakimu wa namna hiyo. Ulisimama juu ya dhana moja, na dhana hiyo haikuwa sahihi.

Lord Kelvin, aliyepewa jina hilo la heshima mwaka 1892, alifariki dunia tarehe 17 Desemba 1907 na kuzikwa Westminster Abbey, London, karibu na kaburi la Isaac Newton. Njia yake ya kuchambua maji inaendelea kutumika, sasa kwa kompyuta badala ya kapi. Nayo ina mpaka wake: jedwali linajua mwezi na jua, lakini halijui upepo. Kusi au kaskazi ikivuma kwa nguvu, maji hayafuati karatasi sawasawa, na hapo ujuzi wa mvuvi wa Makangale anayeitazama bahari yenyewe bado una thamani yake.